Chini ya Mkate

Kalenga aliisikia sauti ya Mama Samira kabla hajamwona, akainuka kwenye kigoda chake, akaingia bafuni. Bafu lenyewe lilikuwa mabati manne yaliyosimamishwa nyuma ya nyumba, bila paa, na ndani yake hamkuwa na maji. Alisimama humo na suruali yake ya kanisani, mikono kifuani, akisikiliza.

"Baba Glodie yuko?" aliuliza Mama Samira.

"Anaoga, mama," alijibu Michelle, mkewe. Michelle hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na siku ya Jumapili ndiyo kabisa. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kwa baridi hii ya mwezi wa nane? Basi nitamngoja akauke."

Mama Samira alikalia kile kigoda. Kilikuwa bado na joto la mwenyewe. Akacheka peke yake, akaupanga vizuri mtandio wake, akaanza kuuliza habari za watoto, za kanisa, za bei ya makala ya kupikia, kama mtu mwenye mchana mzima. Alikuwa mwuza mkate, mtu wa asili ya Kasongo aliyekuja Likasi akiwa msichana, na mume wake Souleymane alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Kolwezi. Alijua kungoja.

Baada ya robo saa Kalenga alitoka, mkavu kama alivyoingia.

"Umeoga na suruali?" aliuliza Mama Samira.

"Mama, bonjour. Ile mambo nilisha kukuambia. Minye sijenge tena furu. Kuko bafundi bengine."

Tanuri ya mkate ndiyo hiyo wanayoiita furu, na kwa miaka kumi hapakuwa na mtu Likasi aliyeijenga vizuri kuliko Kalenga. Nguzo za umeme unaotoka bwawa la Koni zinapita juu ya mapaa ya watu, lakini umeme hauna ahadi, na wauza mkate wote wanajua kwamba kuni hazikatiki katikati ya unga. Mama Samira mwenyewe alikuwa na jiko kubwa la umeme. Alilitumia kutunzia nguo za sikukuu.

"Mafundi wengine nimewaona," alisema. "Mmoja amenipigia simu mara sita, akaniapia kwa jina la mama yake. Mtu anayeapa hivyo juu ya matofali ananitia wasiwasi. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, mwenye kiwanja ninachopanga amenitoa, kiwanja changu mwenyewe nimekipata, imebaki tanuri tu. Nataka kubwa, yenye midomo miwili."

"Midomo miwili sijajenga hata siku moya."

"Umejenga ngapi za mdomo mmoja?"

Kalenga alitazama chini. "Tisa."

"Basi."

"Mama, unajua banaitaka minye namna gani mu hii muji?"

"Najua. Papa Chokaa," alisema Mama Samira, wala hakucheka, na kwa sababu hakucheka jina lile liliuma zaidi. Michelle aligeuka akajifanya anachochea mbabula, lile jiko la mkaa.

Jina lilitokana na tanuri ya tisa, ile ya Lambert, shemasi wa kanisa lao. Ilijengwa mwezi wa kumi mwaka uliopita. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, sakafu yake ilivimba, ikapasuka, kuba ikaangukia ndani juu ya mikate mia mbili ya kusanyiko la kanisa. Hakuumia mtu. Lakini wageni kutoka Lubumbashi na Kambove walikunywa chai tupu, na mikate michache iliyookolewa ilikuwa imejaa unga mweupe wenye kuchoma ulimi. Tangu siku hiyo Kalenga hakushika mwiko. Alikwenda Kakontwe kuvunja mawe, analipwa kwa rundo, kazi ambayo haimwulizi mtu anajua nini.

Mama Samira aliinuka. "Sitaki unieleze kitu. Mimi ni mwuza mkate. Nenda kwa kila mtu uliyemjengea, uniletee mkate mmoja uliotoka katika kila tanuri. Nitaangalia chini yake. Juu kila mtu anaweza kupaka mafuta. Ijumaa nikitoka msikitini nitakuwa kiwanjani. Usipokuja, nitampa yule mwenye kuapa."

"Yote tisa?" Michelle alisema taratibu.

"Amesema tisa. Mimi sikuhesabu."

*

Blaise alikuja jioni hiyo, wakati bukari, ugali wao, imeshatiwa mezani. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Kalenga, kijana mchangamfu, mwenye viatu vipya na kikohozi cha zamani. Alinawa mikono bila kukaribishwa.

"Yaya, kamyo inaondoka siku ya mposho, saa kumi na moya asubui," alimpa kaka yake habari ya lori. Siku ya mposho ni Jumamosi, watu wa Katanga wanaiita hivyo tangu zamani za posho za wafanyakazi. "Nilisha kukuwekea nafasi. Tuko batu kumi na mbili. Weye njo wa kumi na tatu."

"Kamyo ya kwenda wapi?" aliuliza Michelle, ingawa alijua.

"Shemeki, usikasirike. Shinkolobwe."

Glodie, binti yao wa miaka kumi na saba, aliacha kutafuna. Mgodi wa Shinkolobwe ulikwisha kufungwa na serikali tangu hajazaliwa. Wanaoingia huko huingia kwa kificho, na mume wa jirani yao wa upande wa pili aliingia hivyo hivyo, mwaka juzi, akiwa na tochi kichwani na chapati mfukoni. Shimo lilimfunika. Hawakumtoa.

"Kule hakuna mutu anakuuliza kama uliangusha furu," Blaise alisema, akimega. "Unachimba, unabeba, basi. Ku Kakontwe unavunja mawe ya bengine mpaka lini?"

Kalenga alimega tonge. Hakusema ndiyo, lakini hata hapana hakuisema, na Michelle aliligundua hilo. Alichukua mwiko wa chuma uliokuwa karibu na mbabula, akachota majivu, akayamwaga kwenye bati. Ulikuwa mwiko wa kujengea, ule wa Kalenga, mpini wake umeng'aa kwa miaka ya mkono mmoja. Tangu Januari ulikuwa wa majivu. Kalenga aliutazama, kisha akatazama pembeni.

"Ile ya Panda nilikuwa kelasi ya tano," Glodie alisema ghafla.

"Nini?"

"Furu ya Papa Gracien. Njo ile ulinibebesha chupa. Nilibeba chupa mingi, nikaanguka nayo."

Michelle alimwangalia binti yake, akaelewa. "Na ya Mama Numbi njo ilikuwa ya kwanza. Ulivunja jino pale, ju ya kula mukate ya moto na haraka."

"Halikukuwa jino, ilikuwa kipande."

"Kuko ya Shituru mbili," Kalenga alisema, bila kutaka. "Ile ya mwalimu, na ile ya wale mapacha."

"Ya mapacha inatoaka moshi pembeni," alisema Michelle.

"Haitoake moshi!"

"Inatoaka, papa. Balinambia kanisani. Baliona haya kukuambia weye."

Wakaendelea hivyo mpaka bukari ikapoa, kila mmoja akiongeza yake, hata Blaise akakumbuka moja aliyosaidia kuchanganya udongo kabla hajapata viatu vipya. Walifika nane. Ya tisa hakuitaja mtu, wakaondoa sahani.

*

Jumanne alfajiri Kalenga hakwenda Kakontwe. Walitembea, yeye na Michelle, hadi Panda, na walifika wakati mkate unatolewa.

"Njo weye?" Gracien alipaza sauti akiwa ameshika pao lake refu la mti la kutolea mkate. "Banasema ulienda Zambia! Bengine banasema umekuwa mupastor!"

"Niko tu, papa."

"Umekondeana. Kuya, kuya uone mutoto wako."

Tanuri ilikuwa nyuma ya ua, nyeusi kwa miaka sita ya moshi, na kimo chake kilikuwa kile kile cha kifua cha Kalenga, maana alipima kila tanuri kwa kifua chake. Alisimama mbele yake kama mtu anayekutana na ndugu aliyemwacha bila kuaga. Kisha akapeleka mkono, akagonga kuba kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, na upande wa nyuma. Ilijibu sauti moja kila mahali.

"Haijapasuka?"

"Ipasuke ju ya nini? Mara moya panya alizaa ndani, tulipokosa unga wiki mbili. Ile haikukuwa kosa yako." Gracien aligeuza mkate mmoja juu chini, akampa. "Angalia."

Chini ulikuwa na rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama ngozi ya mtu mwenye afya. Kalenga aliupeleka puani. Alikuwa amesahau kwamba chini ya sakafu ile aliweka vipande vya chupa na mchanga, ili moto ukizimwa joto libaki. Hakufundishwa na mtu. Aliwaza mwenyewe, siku moja akitazama chupa iliyoachwa juani. Zile chupa za Glodie. Alikuwa amesahau kwamba wazo lile lilikuwa lake.

Alitaka kulipia mkate. Gracien alimfukuza kwa pao lake.

Kwa Mama Numbi mambo yalikuwa mengine. Tanuri ya kwanza ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto, na mdomo wake ulikuwa mpana hata mbuzi angeingia bila kuinama.

"Hii furu yako inakulaka kuni kama iko na mimba," alisema Mama Numbi.

Kalenga aliona haya mpaka shingoni. Lakini Mama Numbi alikuwa amesimama katikati ya vikapu viwili vya mkate uliokwisha kuiva, na watu watatu wakimngoja kwenye lango, na mwaka ulikuwa wa kumi.

"Mudomo ni mukubwa sana," Kalenga alimwambia Michelle njiani.

"Ilikuwa ya kwanza."

"Ya pili nilipunguza. Unakumbuka? Nilipunguza vidole vine." Alihesabu kwa vidole. "Ya tatu nikaongeza unene wa chini. Ya ine njo nikatia chupa."

Michelle aliendelea kutembea. Alikuwa amebeba mikate ndani ya kitambaa, na aliogopa kwamba akisema neno mumewe atanyamaza tena. Miaka yote Kalenga alikuwa amezijenga tanuri moja moja, akilipwa, akiondoka, akifikiria inayofuata. Hakuwahi kuziona kwa mfuatano. Sasa alizipita kama mtu anayesoma barua zake mwenyewe, na ya nne ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko ya tatu.

Jumatano, kwa mapacha wa Shituru, tanuri ilitoa moshi pembeni. Ilitoa kweli. Wale ndugu wawili waliona aibu kuliko mwenye kosa, wakaanza kusema si kitu, wamezoea, moshi unafukuza mbu. Kalenga alichuchumaa, akatafuta ufa kwa kidole, akaupata, mwembamba kama uzi.

"Kuko udongo ya kichuguu hapa?"

Ulikuwepo kidogo, kwenye ndoo. Alimimina maji, akauponda kwa kiganja, akaukanda mpaka ukawa laini, akaujaza ule ufa na kuulainisha kwa dole gumba. Kazi ya dakika kumi. Michelle aligeuza uso akatazama kuku wa watu, ili mumewe asijue kwamba ameonekana. Ilikuwa miezi tisa tangu mikono ile iguse udongo.

Hapo, pamoja na ile ya nyumba nyingine walizopitia, mikate ilikuwa minane.

"Bon," Kalenga alisema alipomaliza kunawa. "Tumemaliza."

"Iko moya."

"Ile haina mukate, Mama Glodie. Mukate itatoka wapi mu furu ya kuanguka?"

"Mama Samira alisema kila furu."

"Nitakwenda kuambia Lambert nini?"

"Usimwambie kitu. Tutasalimia, tutarudi."

*

Walikwenda Alhamisi, na Kalenga alitembea nyuma ya mkewe njia nzima. Nyumba ya Lambert iko Kikula, lango la bati la kijani. Bibiane, mke wa Lambert, ndiye aliyefungua, na alipomwona Kalenga alipiga makofi.

"Papa Glodie! Siku mingi tulikuwa natafuta weye!"

Kalenga alirudi nyuma hatua moja.

"Iko ingine?" Bibiane aliuliza.

"Ingine nini, mama?"

"Ile chokaa!"

Aliwashika wote wawili mikono akawapitisha pembeni ya nyumba. Choo chao kilikuwa cheupe. Banda la kuku lilikuwa jeupe. Ukuta wa nyuma, ambao miaka yote ulikuwa na rangi ya vumbi jekundu, ulikuwa mweupe hadi nusu, kisha ukaishia kwa mstari uliopinda, pale chokaa ilipokwisha. Na katikati ya ua, kifusi cha tanuri kilikuwa kimechimbwachimbwa kwa jembe.

"Ile ya mu furu yako," alisema Bibiane. "Ni muzuri kuliko ya kuuza. Siku ile ilipoanguka nilimwanga mayi ili nizime moto. Ikaanza kuchemka! Puu, puu, puu, yenyewe, na moto ilisha kuzima! Nikakimbia. Lambert alisema ni mashetani. Tuliita bapastor, baliombea hii mawe siku tatu na kufunga. Kisha ikakuwa unga, laini, nyeupe. Nikasema, bon, kama shetani amesha kutoka, tutapaka choo."

Michelle alikuwa amesimama wima. Baba yake Michelle alichoma chokaa Kakontwe maisha yake yote, katika tanuru la shimoni, na Michelle alipokuwa mtoto alikatazwa kukaribia mawe yaliyotoka motoni wakati wa mvua. Mwezi ule wa kumi, tanuri ya Lambert ilipojengwa, alikuwa Lubumbashi akimwuguza dada yake. Ndiyo tanuri pekee ambayo hakuikandia udongo.

"Papa Glodie," alisema pole pole. "Chini, ku sakafu ya hii furu, ulitia nini?"

"Mawe."

"Mawe ya wapi?"

Kalenga alifungua kinywa. Alitazama ukuta mweupe, akatazama kifusi, akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo tangu Novemba ilikuwa na nyufa nyeupe zisizotoka kwa sabuni.

"Ya Kakontwe," alisema.

Kila mtoto wa Likasi anajua jinsi chokaa inavyopatikana. Unalichoma jiwe jeupe, ukilimwagia maji linavimba na kuchemka na kugeuka unga. Na Kalenga alilipanga jiwe lile lile chini ya moto wa mkate, akalichoma mwezi mzima, mvua ikaingia kwa mdomo wa tanuri wiki ambayo Lambert hakuwa na kuni. Kisha akaenda kulivunja kwa nyundo kila siku, miezi tisa, akijiuliza mikono yake ilikosa nini.

Michelle alianza kucheka. Alijizuia kwa kitambaa cha kichwa, haikusaidia, akaketi juu ya kifusi akicheka na machozi yakimtoka. Bibiane naye akacheka bila kujua sababu. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Lambert akatoka na miwani yake mkononi.

"Kuko nini ya kuchekesha juu ya hasara yangu?"

Kalenga alisogea mbele yake. Alitamka maneno moja moja, jinsi jiwe lilivyokuwa na jinsi moto ulivyolifanya na jinsi maji yalivyolimaliza. Hakusema ni nani aliyetaka sakafu iwe nyeupe. Lambert alisikiliza, akaivaa miwani, akatazama choo chake.

"Donc haikukuwa shetani?"

"Hapana, papa diacre. Ilikuwa minye."

Kuku walipita kati yao. Lambert alikohoa.

"Tulifunga siku tatu," alisema, kama mtu anayedai. Kisha, bila kumwangalia: "Minye nilisema nataka nyeupe. Kama salle d'opération ya hospitali, nilisema. Weye ulitaka kutia matofali."

"Ilifaa nikukatalie kabisa. Fundi njo anajuaka."

"Ulikataa mara mbili. Nilikusumbua."

Halikuwa ombi la msamaha, wala Kalenga hakungojea zaidi. Bibiane alikwaruza chini ya kifusi kwa kijiko, akajaza mfuko mdogo wa plastiki, akaufunga fundo.

"Bebeni hata hii kidogo," alisema. "Mtu hatoki kwangu mikono mitupu."

*

Ijumaa mchana kiwanja cha Mama Samira kilikuwa kitupu, kina meza moja tu na sufuria la chai. Kalenga alifungua kitambaa. Michelle alisimama nyuma yake.

Mama Samira alichukua mkate wa kwanza, akaugeuza juu chini, akaugonga kwa ukucha, akaunusa, akaumega chini akatafuna. Akafanya hivyo kwa wa pili. Hakuuliza umetoka kwa nani. Kwenye wa tano alisita.

"Huu umeungua upande mmoja."

"Kulikuwa ufa. Nilitengeneza juzi, Jumatano."

"Ulijuaje?"

"Bibi yangu aliniambia."

Mama Samira alimwangalia Michelle, akaendelea. Alipomaliza wa nane alifuta vidole. Kalenga aliweka mezani ule mfuko wa plastiki.

"Na hiki nini? Unga?"

"Njo ya tisa, mama."

Alimweleza. Safari hii alieleza kwa haraka zaidi, na hakutazama chini. Alisema jiwe lile lilikuwa kosa lake, kwamba alijua jiwe na alijua tanuri na hakuviweka pamoja kichwani. Alisema katika zile nane hakuna hata moja yenye jiwe jeupe, zote zina matofali ya kichuguu, na kuanzia ya nne zina chupa. Alisema midomo miwili bado hajajenga, lakini mdomo wa Mama Numbi ulikuwa mpana mno na alijifunza kuupunguza, na kwa midomo miwili angetenganisha moto kwa ukuta wa katikati, kwa sababu kwa mwalimu wa Shituru aliwahi kuongeza ukuta kama huo, mwalimu alipotaka kuoka na kukausha samaki pamoja. Alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza, ndani ya makombo.

Mama Samira alifungua ule mfuko, akatia ncha ya kidole, akakaribia kukipeleka ulimini.

"Usionje!" walisema Kalenga na Michelle pamoja.

Akacheka, akafuta kidole kwenye mguu wa meza. "Yule mwingine alikuja jana. Kabla sijamwuliza aliniambia hajawahi kuangusha hata tofali." Akaufunga mfuko. "Hii nitaibakisha. Ukuta wangu wa nyuma ni mchafu. Unaanza lini?"

"Kesho asubui nitatafuta udongo."

"Kesho ni siku ya mposho, Baba Glodie. Watu wanapumzika."

"Bengine banasafiri," alisema Michelle.

*

Kichuguu walichokichagua kiko pembeni ya barabara itokayo mjini, kirefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Jua lilikuwa bado halijapanda na nyasi zilikuwa na baridi. Kalenga alikuwa ndani ya shimo hadi magotini, na mwiko wake, uliosuguliwa kwa mchanga mpaka ukawa na rangi ya chuma tena, umechomekwa ardhini karibu naye.

Lori lilipita likipunguza mwendo. Vijana walikuwa wamekaa juu ya mizigo, wamejifunika mashuka. Blaise alisimama katikati yao.

"Papa Chokaa! Nafasi yako iko wazi!" alipiga kelele. "Unachimba hapa, juu ya nini usichimbe na sisi?"

"Hii iko na mupaka!" Kalenga alimjibu. "Teremuka, ukuye unisaidie! Ulisha kujuaka kukanda udongo!"

Wenzake walicheka. Blaise naye alicheka, akakohoa, akashika ubao wa lori kama mtu anayepima urefu wa kuruka. Lori liliongeza mwendo. Alibaki amesimama, akiwatazama mpaka vumbi likamziba, na Michelle alitikisa kitambaa chake hewani ingawa hakuna aliyeweza kukiona.

Kisha aliinama shimoni. Alichukua donge la udongo, akalivunja, akaweka punje juu ya ulimi, kama alivyofanya kwa zile nane. Kalenga alimngojea, jembe begani.

Michelle alitema pembeni, akafuta mdomo.

"Bado iko na mchanga," alisema. "Chimba chini kidogo."

Kalenga akachimba.